Tupeane uzoefu: mliowahi kupita kwenye kile kibanda cha magitaa Ngamiani

Mwana_Raskazone
Wakuu, jana napita Ngamiani hapa Tanga nikasikia mtu anapiga randa, ile harufu ya mninga ikanipata puani nikasimama palepale. Nikakumbuka kile kibanda cha mabati cha magitaa, wa rika langu mnakijua, mafundi walikuwa wawili, mzee na msaidizi wake yule mrefu. Mzee hanunui ubao mpaka augonge kwa kifundo cha kidole ausikilize, ukilia ko ukanyamaza anaurudisha, ukibaki unavuma kidogo ndio anatoa hela. Ubao wa mbele alikuwa anautoa kwenye makasha ya chai ya Amani, yale ya plaiwudi nyembamba, na ubao wa vidole alikuwa anaweka mpingo. Nani mwingine alipita pale?

chumvi_ya_bahari
Mimi hapa. Ilikuwa barabara ya 9.

Digo_Asilia
Ya 12 mkuu. Ya 9 kulikuwa na fundi baiskeli.

chumvi_ya_bahari
Sasa huyo fundi baiskeli si ndio jirani yao! Walikuwa wanachukua kwake waya za breki wanazifumua, unatoka uzi mmoja mmoja, zinakuwa nyuzi za juu. Ya 9 hiyo, usinibishie.

MamaWawili
Mimi gitaa sijui hata kulishika ila mama alikuwa anauza mihogo pale mbele kwa hiyo nimekulia kwenye maranda. Nilichokuwa napenda ni siku ya kukunja mbavu, zile mbao za ubavuni mwa gitaa. Ubao umelala kwenye maji tangu jana, bomba la chuma lina makaa ndani, mzee anadondosha tone la maji juu ya bomba, likikauka tu bado, likirukaruka ndio anasema tayari. Halafu anauegemeza ubao anausukuma taratibu, na hapo hakuna kuongea, hata mteja akija anasubiri, maana ukivunjika kazi yote ya wiki imepotea.

Solo_wa_Zamani
Mmenikumbusha mbali. Tanga hii ndio iliyotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic, na Black Star walioingiza gitaa na besi kwenye taarabu, sasa sisi vijana tunataka kupiga kama wakubwa na gitaa la dukani hatuliwezi, wapi pa kwenda kama si kwa mzee? Alinifundisha kupima freti, vile vijiti vya chuma vya kwenye shingo. Chukua urefu wa uzi, tuseme sentimita 65, gawa kwa 18, hapo ndio freti ya kwanza. Kilichobaki gawa tena kwa 18, ya pili. Unakwenda hivyo mpaka mwisho. Alikuwa anafanya kwa penseli kwenye karatasi ya sukari.

Mwl_Fizikia
Kamili ni 17.817 mkuu. Ukitumia 18 freti ya 12 haifiki nusu ya uzi, kwa hiyo kwa uzi wa sentimita 65 unapungukiwa milimita mbili na kitu.

Solo_wa_Zamani
Mwalimu, ukibonyeza uzi unakazika na sauti inapanda kidogo. Hizo milimita zinaishusha. Mzee hakuwa na kikokotoo lakini magitaa yake yalikuwa yanaimba sawasawa.

Mwl_Fizikia
Hapo umenena, ila kutumia 17.817 na kusogeza nyuma kidogo daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, ingekuwa bora zaidi.

Bint_Makorora
Nyie mnabishana milimita, mimi siku ile ya kutolewa vitu nje haijanitoka mpaka leo. Ilikuwa masika, mvua tangu alfajiri, mwenye fremu, jina simtaji, kapata mpangaji wa kulipa zaidi, akaja na vijana na mkokoteni wakaanza kutoa vitu nje hawachagui, jiriwa, patasi, magitaa yenye nyuzi na yasiyo na nyuzi, yote kwenye matope. Mzee kaenda msibani Pangani. Msaidizi wake yuko peke yake, kasimama mlangoni kakumbatia gitaa ambalo gundi ilikuwa bado haijashika, vibano vyote vimeshatupwa nje kwa hiyo yeye ndio kawa kibano, kalibana kifuani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka na hawezi hata kujifuta maana akiachia tu linafumuka. Mama ndiye alipiga ukelele, jamani mbao zinalowa! Basi mtaa ukatoka, mama lishe, watoto wa madrasa, wasukuma mikokoteni, mpaka mmoja wa wale vijana waliokuja kutoa vitu akageuka akaanza kusaidia kubeba. Kwetu yaliingia chini ya kitanda cha bibi, jirani kayatundika ukumbini kwenye kamba ya nguo. Mzee aliporudi alipita nyumba kwa nyumba anakusanya, na hakuna aliyeficha hata kipande cha mpingo. Lile la msaidizi lilishika. Alikaa nalo hivyo mpaka magharibi.

MamaWawili
Ni kweli tupu, mihogo yote ililowa siku hiyo na mama hakujali.

Digo_Asilia
Dah. Kwetu zilikaa shingo nyuma ya kabati, mimi nilikuwa mdogo nikadhani ni makasia.

chumvi_ya_bahari
Inauma, lakini mwenye nyumba naye ana haki na mali yake.

Bint_Makorora
Kodi ya mwezi ule ilishalipwa kaka. Usitetee usilolijua.

chumvi_ya_bahari
Sitetei dada, nasema mikataba ya mdomo ndio inatumaliza. Yaishe.

Kijana_Muheza
Shikamooni wakubwa. Babu ameniachia gitaa la mafundi hao hao. Daraja linanyanyuka na ubao wa mbele una ufa. Nifanyeje?

Digo_Asilia
Supa gluu, dakika moja umemaliza.

Mwl_Fizikia
Marahaba. Usithubutu supa gluu! Fundi atakayekuja baadaye atashindwa kulifungua bila kuharibu ubao.

chumvi_ya_bahari
Gundi ya mbao na tofali juu usiku kucha. Ufa uache, ndio unaotoa sauti ya kizee.

MamaWawili
Ulizia pale TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, wanafundisha muziki, hawatakosa kukuelekeza kwa fundi.

Solo_wa_Zamani
Marahaba mwanangu. Kabla ya yote legeza nyuzi zote leo hii. Sita za chuma zikikazwa zinaweza kuvuta kilo 70, na huo mzigo wote umekaa kwenye hilo daraja. Usiliweke juani wala kwenye keria ya basi, joto linalainisha gundi.

Kijana_Muheza
Nimelegeza. Nimemulika ndani ya tundu kwa tochi nimeona pameandikwa kwa penseli "la kushoto". Na kweli babu alikuwa anapigia mkono wa kushoto.

Solo_wa_Zamani
Basi fundi yeyote utakayempata umwambie mapema, asije akakubandikia daraja la kulia.