Safari ya mama, Entebbe mpaka Toronto

Zaina: Asalaam alaikum wote. Tiketi ya mama bado haijalipwa, ajenti ametupa njia mbili, kupitia Dubai au Amsterdam. Ya Dubai bei iko chini kidogo. Tuamue leo tafadhali

Kaka Musa: Waalaikum salaam. Dubai basi, masaa matano tu umefika

Hamidu: Kaka Dubai iko karibu na sisi lakini Toronto inazidi kuwa mbali. Nimepima. Moja kwa moja ingekuwa kama kilomita 11,750 ila ndege hiyo haipo. Kupitia Amsterdam jumla inafika 12,350 hivi, yaani unaongeza 600 tu. Kupitia Dubai unaenda kwanza mashariki 3,700 halafu unageuka unarudi magharibi 11,000 na kitu, na hiyo ndege ya pili inakaa angani karibu masaa 14 bila kutua, na mama miguu inamvimba hata kwenye teksi ya kwenda Kampala jamani

Senga Rehema (shangazi): Banange masaa 14 kiti kimoja, hapana

Zaina: Lakini Amsterdam si iko juu kabisa, siyo kuzunguka?

Hamidu: Ramani ya ukutani ndiyo inadanganya macho. Vuta uzi kwenye ile globu ya watoto toka Entebbe mpaka Toronto, utaona unakata Sahara unatokea Moroko. Kwa hiyo Ulaya iko jirani na njia, Dubai imeipa mgongo

Kaka Musa: Sawa. Ila hii ya Amsterdam inaondoka ijumaa 23:30 inafika jumamosi 14:40, si masaa 15 tu

Mariam Toronto: Kaka saa za tiketi ni za kila mahali penyewe. Mwezi huu wa saba sisi tuko nyuma yenu masaa 7. Mama akitua hapa saa nane na dakika 40 mchana, huko nyumbani Bombo ni saa tatu na dakika 40 usiku. Jumla masaa 22 na dakika 10, na karibu masaa 6 ni ya kungoja Amsterdam, atanyoosha miguu aswali apumzike. Kurudi anga la Atlantiki litakuwa fupi, kama masaa 7 badala ya 8, upepo wa huko juu unasukuma ndege kuja mashariki

Senga Rehema: Na dawa ya presha? Anameza saa moja asubuhi

Zaina: Saa moja yetu atakuwa bado angani, hajafika Amsterdam. Iwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo sanduku. Za siku zinazofuata namuuliza daktari kesho

Kaka Musa: Natuma pesa sasa hivi, lipa ya Amsterdam. Ijumaa baada ya swala gari liwe tayari, saa kumi mtoke Bombo, jamu ya Kampala mnaijua, na uwanjani anatakiwa saa mbili na nusu