Matairi makubwa kwenye Prado yenye springi za kiwandani: 265/70 au 285/70?

MkaziWaKisasa

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri wenu, hasa kutoka kwa mafundi na madereva mnaozifahamu barabara za mkoa wetu wa Dodoma.

Ninatumia Toyota Land Cruiser Prado TRJ120, ya petroli, injini ya lita 2.7. Ina matairi ya 265/65R17 (yaani upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17), na springi pamoja na shokapu zake ni za kiwandani. Kazi yangu ya kununua alizeti na ufuta hunipeleka Farkwa na Kwa Mtoro wilayani Chemba, na msimu mwingine Bahi. Wakati wa kiangazi shida huwa mchanga wa makorongo, na mvua zikianza shida huwa njia iliyochimbwa na malori, ambayo katikati yake hubaki tuta la udongo linaloikwangua gari tumboni.

Dukani nimeoneshwa matairi ya 285/70R17 yenye meno makubwa, na muuzaji ananihakikishia kwamba yanaingia bila kubadilisha chochote. Jirani yangu anashikilia kwamba yatagusa matigadi na kwamba ni lazima gari liinuliwe kwanza. Kuliinua sitaki, kwa sababu gari hilihili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki, naye hata sasa hulipanda kwa tabu. Je, ni ukubwa gani ninaoweza kufunga bila kugusa springi, na nitapoteza nini kwa kufanya hivyo?

FundiKizota

Mkuu, tuanze na vipimo. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776, la 265/70R17 milimita 803, na la 285/70R17 milimita 831. Gari hupanda kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo, kwa hiyo 265/70 itakuinua milimita 13 na 285/70 itakuinua milimita 27. Ninaelewa kwa nini hizo 27 zinakuvutia, maana kwenye Prado difu ya nyuma (lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli) haiinuliwi na kitu kingine isipokuwa tairi lenyewe: ukifunga springi ndefu utainua bodi na chesi, lakini ekseli ya nyuma itabaki palepale ilipokuwa, na tuta la katikati ya njia litaendelea kuikuta.

Hata hivyo, 285 haiongezi urefu peke yake. Ni pana zaidi kwa milimita 20, na ukikata usukani hadi mwisho, bega la tairi la mbele hurudi nyuma kuelekea kwenye ukingo wa chuma ulio karibu na mahali bodi ilipofungwa kwenye chesi, na upande wa mbele hulifuata plastiki la bampa. Muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kuhusu gari lililosimama kwenye sakafu ya duka lake, kwa kuwa hapo springi haijabonyea na usukani umenyooka. Kugusa hutokea pale mambo mawili yanapokutana, yaani springi imebonyea na usukani umekatwa, kama unapotoka korongoni kwa pembe huku gurudumu moja likiwa limepanda ukingo.

Kwa sababu hiyo usinunue kabla ya kujaribu. Mwombe muuzaji afunge matairi mawili tu ya mbele. Paka mabega yake chaki ya kutosha, ndani na nje, kisha pandisha gurudumu la mbele la upande mmoja juu ya jiwe pana au ukingo imara, kata usukani taratibu hadi mwisho kulia, halafu kushoto, na usogeze gari kidogo mbele na nyuma. Usiache kurudi nyuma, maana bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono ya gurudumu) zikivutwa upande ule, tairi huweza kugusa mahali ambapo lilipita salama wakati wa kwenda mbele. Ukishuka, piga magoti na tochi uchungulie ndani ya matigadi. Chaki ikiwa imehamia kwenye plastiki, plastiki linaweza kurudishwa nyuma na kufungwa vizuri. Ikiwa imehamia kwenye chuma, tairi hilo litachanika siku usiyoitarajia, na pengine ukiwa na mama yako ndani.

Ushauri wangu kwa springi zako ni 265/70R17. Upana unabaki uleule, na kwenye Prado za namna yako nimezifunga bila kukata wala kugonga chuma. Angalia pia namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, isipungue 112, ambayo maana yake ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Wewe unabeba magunia.

DerevaWaMtera

Ninaungana na Fundi, na ninaongeza jambo linalosahaulika, nalo ni injini. Tairi la 285/70 lina mzunguko mkubwa kwa asilimia 7 kuliko la sasa, na matokeo yake ni sawa na kurefusha kila gia kwa kiasi hichohicho. Kwa injini ya petroli ya lita 2.7 yenye mzigo, mlima kama Nyang'oro utakulazimisha kushuka gia mapema na mafuta yatakwenda. Breki nazo zitakuwa na gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Kwa 265/70 ongezeko ni kama asilimia 3.4, ambalo gari hilo linalibeba bila manung'uniko. Kumbuka vilevile kwamba mshale wa spidi utasoma pungufu kuliko unavyosoma leo, hivyo kwenye vijiji vyenye kikomo cha 50 usiuamini hadi mwisho, maana tochi ya trafiki haijui umefunga tairi gani.

Kuhusu mchanga wa Farkwa, kabla hujatoa hata shilingi ya tairi, jaribu kupunguza upepo. Ukishusha hadi psi 18 hivi kwenye matairi uliyonayo, tairi hurefuka chini na kukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi. Nenda polepole, usikate kona kwa nguvu, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, jambo ambalo linahitaji pampu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye betri. Udongo wa mbuga wa Bahi ni habari nyingine: hujaa kwenye meno na kuligeuza tairi kuwa kama kipara, kwa hiyo pale nafasi kati ya meno ina umuhimu kuliko urefu wa tairi.

BintiMpwapwa

Prado hiyo inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Nunua matano yanayofanana, likiwemo la akiba. Ukisafiri umbali mrefu na tairi moja dogo kuliko mengine, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itafanya kazi bila kupumzika, na ukiiloki kwenye ardhi ngumu katika hali hiyo utaiumiza.

MkaziWaKisasa

Ninawashukuru sana nyote. Dada wa Mpwapwa, la akiba nilikuwa nimeliacha nje ya bajeti, sasa nimeliingiza. Fundi, leo nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matigadi, na nimeona upande wa dereva umekaa chini kuliko wa abiria kwa karibu vidole viwili. Je, 265/70 bado itaingia?

FundiKizota

Hapo springi zimechoka, mkuu, na nafasi niliyokuwa ninaihesabia imeshapungua. Badilisha springi za mbele zote mbili kwa nyingine za urefu wa kiwandani. Mama hatapandishiwa ngazi, kwa kuwa gari litarudi tu kwenye kimo chake cha asili. Wakati limefunguliwa, kagua boli jointi za chini na tairodi (viungo vinavyoshika na kugeuza gurudumu), kwa sababu gurudumu zito humaliza haraka kile kilichokwisha kulegea. Funga matairi baada ya hapo, fanya jaribio la chaki hata kwa 265/70, kisha peleka gari alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Ukishatembea kama kilomita 100, kaza tena nati za magurudumu yote.