Malaria imenilaza baada ya miaka sita Muscat. Kinga yangu ya Geita imekwenda wapi?

Mtoto_wa_Geita: Wakuu, habari za mihangaiko. Nimekulia Geita. Enzi za sekondari malaria ilikuwa kichwa kuuma siku mbili, nameza mseto, narudi uwanjani. Baadaye nikaenda Muscat kikazi, miaka sita. Mwezi uliopita nimerudi likizo. Siku ya 12 homa, kutetemeka, kutapika, nikalazwa siku nne nikichomwa sindano. Mdogo wangu tunalala chumba kimoja, yeye wala neti hana, na yuko mzima! Shemeji anasema damu yangu imeshakuwa ya Kiarabu. Kuna jamaa ananiuzia dawa ya kupandisha kinga, chupa 35,000. Ninunue? Na mbona surua niliugua mara moja tu maisha yangu yote?

Kijiwe_Kahawa: Damu ya Kiarabu 😂😂 Mbu nao wanapenda mgeni mwenye riyali. Pole mkuu.

Nesi_wa_Zamu: Pole kaka. Hiyo 35,000 nunua neti mbili, chenji ibaki.

Ukiumwa na mbu, vimelea hukimbilia kwenye ini, huzaliana humo kimyakimya kama wiki moja, kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa huanza, kwa hiyo siku yako ya 12 hainishangazi.

Kirusi cha surua sura yake ni ileile. Chembe za kinga zinazotunza kumbukumbu zikishamjua, akirudi anadakwa mlangoni. Kimelea cha malaria ni tapeli: ana jeni kama 60 za kubadilishia vazi analolianika juu ya chembe nyekundu. Kingamwili, yaani silaha za mwili za kumkamata, zikizoea shati la bluu, kavaa la kijani. Wewe kwa kuugua tangu utoto ulishayajua mashati mengi, na hata hivyo kinga hiyo haimzuii kuingia, inamzuia asizidi. Mdogo wako ukimpima leo usishangae akikutwa na vimelea. Sasa miaka sita bila vimelea, kingamwili zimepungua, na kuziamsha upya kunachukua siku ambazo vimelea wanazitumia kuzaliana.

Mama_Wawili: Samahani dada, mimi mtu mzima wa Kigoma, mbona mimba ya kwanza malaria ilinilaza na ya pili sikusikia kitu?

Nesi_wa_Zamu: Shati jipya hilo. Mimba inaleta kondo la nyuma, na kuna vazi la kung'ang'ania pale ambalo mwili wako haukuwahi kuliona. Mimba ya pili tayari ulikuwa unalijua. Ila dawa za kliniki usiruke, hata mimba ya tano.

Mtoto_wa_Geita: Nimekuelewa dada. Jamaa kashusha hadi 20,000, nimemblock. Narudi Muscat wiki ijayo, nikishikwa na homa kule?

Nesi_wa_Zamu: Siku hiyohiyo nenda ukapime, na neno la kwanza kwa daktari liwe "nimetoka Geita". Usingoje akuulize, kule homa ataanza kuiita mafua.