Semiholo ya kupigia benga na kanisani: AS73, Epiphone ES-335, Casino au Starcaster?

SoloKondele
Wapiga gitaa wenzangu, hamjambo. Nimepigia gitaa la mbao nzima miaka mingi na sasa natafuta semiholo mpya, yaani lile la mwili mwembamba, lenye uwazi tumboni na matundu ya herufi f usoni. Kazi zangu ni mbili. Jumamosi bendi yetu hupiga benga, muziki wa dansi wa Kenya unaoongozwa na gitaa, harusini na matangani, mara nyingi nje chini ya hema, spika kubwa zikiwa zimesimamishwa karibu nasi. Jumapili niko kanisani hapa Kisumu, kwaya ikiongoza, sauti ya chini. Pande zote mbili mimi ndiye solo.

Nina shilingi 100,000, na zikibaki kidogo nitashukuru. Orodha yangu ina manne: Ibanez AS73, Epiphone ES-335, Epiphone Casino na Squier Starcaster. Kwa macho, Casino ndilo lililoniteka. Kabla sijapanda basi kwenda Nairobi kuyajaribu, naomba wenye uzoefu waniambie kila moja linavyotenda kazini. Uzuri wa rangi nishauona.

FundiSautiNakuru
Karibu. Mimi huketi kwenye mikisa, kwa hiyo naongea kama mtu anayepambana na mluzi wa spika kila wikendi. Ndugu, kabla ya kuangalia jina lililoandikwa kichwani, uliza kama ndani ya tumbo mna gogo. Katika manne uliyotaja, AS73, ES-335 na Starcaster yana gogo la mbao lililopita katikati ya mwili kutoka shingoni hadi chini, na uwazi umeachwa pande mbili tu. Casino halina. Lile ni tupu kabisa ndani, ingawa kwa nje linafanana na wenzake kiasi cha kumhadaa mnunuzi.

Kwa nini gogo ni muhimu? Sauti ikitoka kwenye spika hutikisa uso wa gitaa, uso hutikisa nyuzi, pikapu, yaani kile kinasa sauti cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, huokota mtikisiko huo na kuurudisha kwenye spika. Mzunguko huo ukishika, gitaa linaunguruma lenyewe na huwezi kulizima isipokuwa upunguze sauti. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson, chini ya Ted McCarty, ilitoa ES-335 ikiwa na gogo la mbao ya maple ili kupunguza shida hiyo huku ikibakisha kiasi cha ile sauti ya tumbo wazi. Semiholo nyingi za leo zimefuata njia hiyo.

Sasa fikiria hema la matanga huko Seme au Alego. Besi ya benga iko juu, iko nyuma yako, na mawimbi mazito ndiyo yanayoamsha tumbo tupu kwa haraka zaidi. B.B. King, yule mpiga gitaa wa bluzi, alikuwa akisokota vitambaa ndani ya matundu ya f kuzuia mluzi, na Gibson walipomtengenezea gitaa lenye jina la Lucille mwaka 1980, waliyaacha kabisa matundu hayo. Naye alikuwa akipiga gitaa lenye gogo! Casino ni gitaa zuri, nalipenda, ila kwa Jumamosi zako mimi nalifuta.

Kuna jambo jingine. Casino huja na pikapu za P-90, ambazo zina koili moja moja. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na koili moja huokota mvumo huo, hasa mahali waya wa kwenda ardhini haukufungwa vizuri au mnapotumia jenereta. Hambaka ni pikapu yenye koili mbili zilizofungwa kinyume, mvumo wa moja unafutwa na wa nyingine. Hayo matatu mengine yote yana hambaka.

MulembeSita
Mulembe wote. Fundi amesema kweli kuhusu hema, lakini asilizike Casino upesi hivyo. Mimi niko Kakamega na napiga kwa vidole, mtindo wa omutibo, ule alioupa umaarufu George Mukabi miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kabla hajafariki 1963. Kwa ampu (kikuza sauti cha gitaa) ndogo, ukumbini, tumbo tupu lina mwitikio ambao gogo linauua. Noti inachomoka haraka na kufa haraka, karibu sana na gitaa la boksi, na unapopiga besi kwa gumba na sauti kwa kidole cha kwanza, kila moja inasikika mahali pake. Paul McCartney wa Beatles alilichagua Casino kwa sababu alitaka gitaa linaloweza kurudisha sauti vile vile, kwa hiyo kinachomkera mmoja kinaweza kuwa hitaji la mwingine.

SoloKondele, kama Jumapili ndiyo iliyo moyoni mwako, usilifute.

JathumYala
Omera, hakuna aliyegusa shingo bado, nami naona hapo ndipo pa kuamulia.

Solo ya benga inakaa wapi? Juu. Sauti ya mwimbaji ikikatika, gitaa linajibu, kisha mnaingia kwenye klaimaksi, waimbaji wananyamaza, na kuanzia hapo vidole vyako viko freti (vile vyuma vinavyokata shingo) ya 12 kwenda juu bila kushuka. Ndiyo asili yake, gitaa lilichukua mahali pa nyatiti, kinubi cha Waluo, na ule mwendo wa nyuzi kukimbizana. Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz uone mkono wa solo ulivyokaa juu muda mrefu.

Basi kwenye ES-335 shingo inaungana na mwili karibu na freti ya 19. Kwenye Casino inaungana freti ya 16. Hizo freti tatu utazisikia kwenye kiganja. Kwenye Casino, ukifika 17 kiganja kinagonga mwili na itabidi ukunje kifundo cha mkono. Klaimaksi ya dakika tano mkono ukiwa umekunjwa si mchezo, na wimbo wa harusini haukatizwi kwa sababu mpiga solo amechoka. AS73 nimeshika la rafiki yangu: mikato miwili ya mwilini ni mirefu na mkono unapita bila kutafuta njia.

Hata kama hakungekuwa na mluzi duniani, kwa benga nisingechukua Casino.

SoloKondele
JathumYala, hilo la freti ya 16 sikulijua, asante sana. Nimelitoa Casino. Mzee wa Kakamega, nimekuelewa, lakini kazi inayonilisha ni ya Jumamosi. Yamebaki matatu. Je, tofauti ya AS73 na Epiphone ES-335 inastahili zile pesa za juu? Epiphone linakula bajeti yote.

DadaRithimEldoret
Kabla hujajibiwa hilo, niliseme Starcaster, maana naona watu wanalipita. Mimi ni rithimu, nimekuwa nalo kwa muda, nasafiri nalo hadi Kitale na Bungoma, kipande cha mwisho mara nyingi kwa boda.

Shingo yake imefungwa kwa skrubu. Za AS73 na Epiphone zimeunganishwa kwa gundi. Shingo ikikorofisha, fundi anaifungua, anaweka kipande chembamba cha kuinua pembe, anafunga. Ile ya gundi ikihitaji hivyo, ni kazi ya seremala hodari na pesa nyingi. Halafu tazama kichwa. Kwenye Epiphone kimepinda kwenda nyuma, na pale kinapoanzia mbao ni nyembamba. Gitaa likianguka chali, hapo ndipo linapovunjika. Magitaa ya ukoo wa Gibson, ambamo Epiphone limo, yanajulikana kwa hilo. Starcaster kichwa chake kimenyooka na shingo.

Jambo la kuangalia ni urefu wa nyuzi. Starcaster ni inchi 25.5, yaani milimita 648, kutoka kwenye nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi darajani, nyuzi zinapokaa mwilini, na hayo mengine yako karibu na 24.75, kama milimita 628. Kwa nyuzi zile zile, Starcaster litakaza zaidi. Kwa wenye kuvuta nyuzi sana ni kazi. Ila kwa huko juu ambako JathumYala anakusema, freti zina nafasi kidogo zaidi kati yake, na vidole vinene vitashukuru.

JathumYala
Dada, hilo la nafasi nakubaliana nalo. Kukaza ndiko kungenisumbua. Benga inataka nyuzi laini, mkono unakimbia mno.

DadaRithimEldoret
Basi afunge seti ya 9, zile nyuzi nyembamba. Mimi nafunga 10 kwa sababu napiga rithimu.

FundiNyuzi
Nimefungua yote matatu mezani kwangu. Nitajibu swali la Epiphone na AS73.

Kwa sauti, tofauti ipo. Epiphone lina kifua kidogo zaidi, AS73 liko wazi na lina ukali mwembamba unaopenya. Kanisani Epiphone litapendeza. Kwenye bendi yenye besi mbele na kinanda, ukali ule wa AS73 ni msaada, solo inasikika bila kuongeza sauti. AS73 liko kwenye familia ya Artcore ambayo Ibanez waliianza 2002, yanatengenezwa China, na nikiyalinganisha na bei yake naona shingo na freti zake zimemalizwa kwa uangalifu. Kwa kazi uliyoeleza, zile pesa za juu za Epiphone ningeziweka kwingine.

Kwingine ni hapa. Gitaa jipya likitoka kwenye sanduku halijawa tayari. Shingo inahitaji kunyooshwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani yake, nyuzi kushushwa, nati kuchongwa, daraja kusogezwa hadi noti ya freti ya 12 ilingane na ile inayotoka ukigusa uzi kidogo tu pale pale bila kuubonyeza. Mtu akipiga juu kama wewe, daraja lisiporekebishwa utasikika huna tuni hata kama nyuzi wazi ziko sawa. Kisha kuna hewa. Kisumu ni joto na unyevu wa ziwa. Gitaa lililokaa dukani Nairobi, au lililotoka Nakuru mwezi wa Januari kukiwa kukavu, shingo yake itasogea ikifika huko. Mwili wa haya magitaa ni mbao za tabaka zilizogandishwa, huo hautakusumbua. Shingo ndiyo ya kutazama. Liache wiki mbili nyumbani ndani ya kasha lake, ndipo ulilete mezani.

Lingine ambalo wanunuzi wa semiholo hawaambiwi. Hakuna mlango nyuma. Kifundo cha sauti kikianza kukwaruza, au tundu la waya likilegea, lazima nitoe kila kitu kupitia tundu la f na kukirudisha kwa kukivuta na uzi, kama kutoa samaki chupani. Kazi ya nusu saa kwenye gitaa la mbao nzima inakuwa ya nusu siku, na bei inafuata. Kwa hiyo dukani zungusha vifundo vyote, chezesha swichi, tikisa waya kwenye tundu. Likikwaruza likiwa jipya, omba jingine.

BesiYaDunga
Vipi Harley Benton HB-35? Nasikia ni nusu ya bei. Na kuna jamaa anauza Gibson ES-335 halisi kwa 85,000, hajalitumia sana.

FundiNyuzi
HB-35 ni gitaa la kweli, lina gogo, na kwa bei yake halina aibu. Linauzwa na Thomann ya Ujerumani, kwa hiyo huligusi kabla ya kulipa. Hesabu usafiri, ushuru, na VAT ya 16% juu yake, kisha uone kama bado ni nusu.

Hilo la 85,000 liogope. ES-335 halisi jipya linauzwa kwa maelfu ya dola. Tazama kifuniko kidogo kichwani kinachoficha fimbo ya shingo. Cha Gibson kina skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Zikiwa mbili bado usiamini, wachongaji wamejifunza. Lakini zikiwa tatu ondoka hapo.

FundiSautiNakuru
Na kama dukani watakuwa na Gretsch G2622 Streamliner, lijaribu pia. Lina gogo la mbao ya sprusi (spruce) na sauti yake ina mng'ao mzuri. Omba waifungue ampu kwa kiwango cha kazini, simama ukiitazama hatua mbili, acha nyuzi wazi, uhesabu hadi kumi. Linaloanza kuunguruma kabla hujafika kumi litakusumbua harusini.

SoloKondele
Nimeamua kwenda na AS73 mbele na Starcaster la pili, na nitayapiga yote juu ya freti ya 15 kabla ya kutoa pesa. Starcaster likinikaza nitajua pale pale. Dada, nikilichukua nitaanza na seti ya 9. FundiNyuzi, unakubali nikuletee hilo gitaa likishazoea hewa ya Kisumu?

FundiNyuzi
Lete. Usibadilishe nyuzi mwenyewe, njoo na zile utakazopigia kila siku, maana nati naichonga kwa unene wake.