Mota ya gurudumu la mbele inajizungusha kwenye foki: nikubali kuichomelea?

Mkazi wa Ujiji anauliza:
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Miezi miwili iliyopita nilifunga mota ya volti 36 na wati 350 kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya chuma, ile ya mtindo wa zamani yenye breki za fito, ili niweze kutoka Ujiji hadi mjini Kigoma kila asubuhi bila kufika kazini nikiwa nimelowa jasho. Wiki hii nimeanza kusikia mlio wa chuma kugonga chuma kila ninapoondoka. Nilipokagua, nilikuta nati ya kushoto imelegea, mdomo wa foki unaoshika ekseli umepanuka kidogo, na waya unaotokea ndani ya ekseli umeanza kujisokota. Fundi wa kuchomelea wa hapa jirani amejitolea kuiunganisha nati na foki kwa moto ili isilegee tena. Je, nikubali, au inatosha kukaza kwa spana ndefu zaidi?

Fundi baiskeli, Tabora:
Ndugu yangu, tafadhali usiipande tena baiskeli hiyo kabla ya kuirekebisha, na umwambie jirani yako aahirishe. Joto la kuchomelea litaharibu beringi na maganda ya nyaya zinazopita ndani ya ekseli, na siku utakayopata pancha hutaweza kulitoa gurudumu.

Chanzo cha tatizo ni hiki. Katika gurudumu la kawaida ekseli hubeba uzito tu, lakini katika gurudumu la mota, nguvu inayolisukuma gurudumu mbele huisukuma ekseli kwa kiasi hicho hicho kuelekea nyuma, na kinachoizuia isizunguke ni pande zake mbili bapa zilizokaa katika mdomo wa foki. Mota ikitoa msokoto wa nyutoni-mita 40, na umbali kati ya pande hizo ukiwa milimita 10, midomo ya foki inapambana na nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Nati peke yake haiwezi kazi hiyo, hata ukiikaza kwa spana ya urefu wa mkono.

Dawa yake ni chuma cha kuzuia ekseli: bamba la chuma kigumu lenye tundu linaloibana ekseli kwenye pande zake bapa, ambalo ncha yake ya pili hufungwa kwa bolti au klipu imara kwenye mguu wa foki. Bamba likiwa na urefu wa sentimita 10, nguvu inayofika kwenye klipu hushuka hadi karibu kilo 40, mzigo ambao foki ya chuma inaumudu. Tundu lisiwe na nafasi hata kidogo, kwa sababu ekseli ikipata pa kuchezea, itaendelea kulegeza nati. Mimi hufunga pande zote mbili, hasa kama mota yako ina uwezo wa kuvunja mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri, kwani hapo ekseli husukumwa mbele na nyuma kwa zamu. Washa yenye ulimi, yaani kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati, nayo irudi mahali pake, ulimi ukiwa umeingia ndani ya mdomo wa foki.

Mwendesha baiskeli, Mwanga, Kigoma mjini:
Naungana na fundi, ila naomba mwenzetu achomoe betri kabla ya kugusa chochote. Waya uliosokotwa unaweza kuwa umechubuka ndani ya ekseli, na nyaya zikigusana zinaweza kuunguza kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota. Wakati wa kuurudisha, uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye fremu, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo breki za fito. Kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 25, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka karibu mara tatu, na rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza. Mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni hausamehi.

Mkazi wa Ujiji:
Ahsanteni sana. Shikamoo fundi, nimesahau adabu kwa haraka. Nimelitoa gurudumu, waya umechubuka ganda la nje tu, za ndani ni nzima. Je, mdomo wa foki uliopanuka naweza kuugonga kwa nyundo ukarudi?

Fundi baiskeli, Tabora:
Marahaba. Usiugonge. Chuma kilichokwisha kupinda hudhoofika kila kinapopindwa tena, na foki ya mbele ikikatika, hakuna muda wa kujiokoa. Tafuta foki nyingine ya chuma, si ya alumini, kwa kuwa alumini haipanuki kwa onyo kama hii yako, bali hupasuka ghafla. Ukikuta mdomo wake ni mwembamba kuliko ekseli, utanue kwa tupa taratibu, ukiondoa sawasawa kila upande, hadi ekseli ikae chini kabisa bila kulazimishwa. Chora alama ya rangi inayovuka nati na foki. Kagua baada ya safari ya kwanza, kisha kila wiki. Alama zikiachana hata kidogo, shuka na ukokote.