Stellenbosch, Franschhoek au Swartland: wapi pa kuonja mvinyo wa mashamba madogo?

Pepo_Kusi: Habari zenu wakuu. Tunakwenda Cape Town likizo na tumetenga wikiendi moja ya kuonja mvinyo. Yale mashamba makubwa yenye foleni ya mabasi hatuyataki. Tunataka madogo, ambako aliyetengeneza mvinyo ndiye anayekumiminia. Nimebaki na Stellenbosch, Franschhoek na Swartland, na malazi lazima nilipie wiki hii. Ingekuwa wewe ungekwenda wapi?

Dereva wa Zamu: Mkuu, umeacha yote ya maana. Mwezi gani? Mko wangapi? Mnapenda mwekundu au mweupe? Nani atashika usukani? Bila hayo kila mtu atakutajia anapopapenda yeye.

Mama Kiko: Franschhoek, wala usihangaike. Kuna tramu ya mvinyo inayopita mashambani: unashuka, unaonja, unapanda inayofuata. Hakuna wa kunyimwa glasi eti kwa sababu anaendesha. Mji wenyewe unautembea kwa miguu. Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walianza kufika sehemu zile mwaka 1688, ndiyo maana majina mengi ya mashamba ni ya Kifaransa.

Bwana Chenin: Dada, tramu inasimama penye nafasi ya kupokea watu wengi. Mwenzetu anataka wadogo. Aende Swartland, pande za Malmesbury na Riebeek-Kasteel. Kule kuna mizabibu mikongwe ya Chenin Blanc, zabibu ya mvinyo mweupe, iliyoachwa kama vichaka, bila waya, mingi bila hata kumwagiliwa. Vishada ni vichache lakini ladha imekolea. Syrah yao, mvinyo mwekundu, nayo si ya mchezo. Tatizo ni kwamba wengi hawana chumba cha kuonjea kilicho wazi siku nzima. Unaandika barua pepe mapema, unapangiwa saa. Ukifika unaweza kumkuta mwenyewe, buti zina vumbi, anakuchotea kwa bomba la kioo mvinyo ulio bado ndani ya pipa. Una ukungu, una makali, na hapo ndipo unaelewa unaonja nini.

Pepo_Kusi: Asanteni sana. Ni mwezi wa 2, tuko wanne, gari tutakodi.

Dereva wa Zamu: Mwezi wa 2 ni mavuno! Mtengenezaji mdogo anakuwa shambani alfajiri na kwenye matangi usiku. Akikuambia hana nafasi, usinune. Akikubali, utaziona zabibu zikimwagwa kwenye mashine na utanusa chachu tangu getini. Ila la usukani hujajibu. Kikomo kule ni gramu 0.05 za pombe kwa ml 100 za damu, na vile vimiminio vidogo vinajumlika haraka kuliko mtu anavyodhani.

Zabibu Kavu: Msimwambie akodi dereva kabla sijasimulia yangu. Tulilipia gari na mwongozaji, kampuni siitaji. Tuliahidiwa mashamba ya familia. Kituo cha kwanza kilikuwa ukumbi mkubwa, mabasi mawili yametutangulia. Binti wa kaunta akapanga glasi zetu zote kwa mkupuo, nyeupe na nyekundu, kwenye meza iliyokuwa juani, akaondoka. Hakuna aliyetuambia tunakunywa zabibu gani. Tulipofika kwenye glasi za mwisho, mvinyo mwekundu ulikuwa na joto la chai iliyosahaulika. Ndoo ya kutemea mvinyo ukishauonja tuliitafuta, tukaambiwa ipo chumba kingine. Kituo cha pili, vilevile. Cha tatu, dereva wetu naye akavuta kiti, akamiminiwa! Mume wangu akamuuliza, akajibu kwamba yeye amezoea. Tuligoma kupanda. Tukaita teksi, tukasubiri mpaka shamba likafungwa, mlinzi akatuletea viti nje ya geti. Pesa zetu mpaka leo hazijarudi.

Mama Kiko: Pole dada. Ndiyo maana nasema tramu.

Kisima: Nashangaa Stellenbosch haina mtetezi. Njia ya mvinyo, yaani mashamba yaliyoungana kupokea wageni, ya kwanza Afrika Kusini ilianzia hapo mwaka 1971, na mashamba madogo yamejaa, hasa ukitoka barabara kuu kuelekea Bottelary au Banghoek. Umbali kati ya shamba na shamba ni mfupi. Cabernet Sauvignon ya huko, mvinyo mwekundu, inajulikana dunia nzima. Na hapo ndipo Perold, profesa wa kilimo cha mizabibu, alipozalisha zabibu ya Pinotage mwaka 1925, kwa kupandanisha zabibu mbili nyekundu, Pinot Noir na Cinsaut.

Bwana Chenin: Afadhali angelala siku ile. Pinotage inanuka mpira uliochomwa.

Kisima: Umekunywa ya bei ya chini iliyochachushwa kwa pupa, halafu unalaumu zabibu. Onja ya mizabibu ya zamani ndipo urudi hapa.

Bwana Chenin: Nimeonja. Mpira wa zamani.

Dereva wa Zamu: Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Mtemaji: Na bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa pwani wa Hermanus? Pinot Noir na Chardonnay (hii ni nyeupe) za baridi ya bahari, na nyangumi unawaona ukiwa ufukweni.

Kisima: Nyangumi mwezi wa 2? Msimu wao ni kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 11. Na kutoka Cape Town ni kama km 120.

Mtemaji: Sawa, atoe nyangumi, abaki na Pinot Noir.

Pepo_Kusi: Mmenichanganya kabisa. Mke wangu hagusi mvinyo mwekundu, na wenzetu wawili kutema hawataki, wanasema ni kumwaga pesa. Swartland inaanza kunivuta. Jumapili je?

Bwana Chenin: Jumapili wadogo wengi wamefunga. Sogeza iwe Ijumaa na Jumamosi, na barua pepe ziende leo.

Mama Kiko: Tramu inafanya kazi Jumapili.

Zabibu Kavu: Mkinunua chupa, ziende kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana mkononi mwisho ni ml 100. Mimi huzifunga na taulo.

Mtemaji: Taulo halitoshi. Suruali za jinzi, chupa moja kila mguu.

Zabibu Kavu: Na kizibo kikivuja, jinzi inakuwa ya rangi gani?

Mtemaji: Ndiyo maana nanunua mweupe.