Naomba ushauri: chakula cha mama baada ya kukatwa sehemu ya utumbo mwembamba

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mama yangu, mkazi wa Langoni hapa Lamu, alifanyiwa upasuaji akakatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, mahali ambapo vitamini B12 na chumvi za nyongo hufyonzwa. Sehemu za juu, zinazofyonza sukari na protini, ni nzima. Lakini chumvi hizo zisiporudi kwenye ini za kutosha, mafuta hayasagiki vizuri, na kila alapo wali wa nazi au samaki wa kupaka hupata choo cha mafuta kinachoelea. Sindano za B12 anachomwa. Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii anieleze, tafadhali: tui jepesi lafaa, au nazi iachwe kabisa? Wali usio na nazi haumpiti kooni, naye anazidi kukonda.